Rangi Hazihami: Kabla Hujawatoa Wateja Kwenye Excel

Najua nilikuwa kimya. Wiki nane za PT si mchezo, na nauli ya daladala kutoka hosteli hadi Kariakoo kila siku ya kazi haikuniachia hata hela ya bando. Sasa nimerudi, boom bado halijatoka, muda ninao, na nina la kusema.

Lenyewe ni hili. Kuhamisha taarifa za wateja kutoka kwenye Excel kwenda kwenye mfumo wa CRM ni kazi ya kuwajua wateja kwanza, kompyuta inafuata nyuma. Ofisi inayomkabidhi kazi hiyo mwanafunzi wa PT peke yake, halafu ikamweka pembeni yule mtu aliyelitunza faili kwa miaka yote, inatupa mali yake jalalani huku ikijisifu kwamba imeendelea.

Kwa wale wasiosoma mambo ya kompyuta, nieleze kidogo. CRM ni programu ya kutunza habari za wateja: mteja ni nani, yuko wapi, alinunua nini, nani aliongea naye mara ya mwisho, anadaiwa kiasi gani. Excel mnaijua, ile yenye visanduku visanduku. Biashara nyingi hapa kwetu zinaanza na daftari, zinapanda hadi Excel, na zikikua zaidi bosi anasikia habari za CRM kwenye semina, anarudi ofisini anasema, "Na sisi tuwe na hiyo."

Hakuna ubaya. Kila kimoja kimezaliwa kwa shida yake. Jedwali la kompyuta ni mkongwe: VisiCalc ya Dan Bricklin na Bob Frankston ilitoka mwaka 1979, na Excel yenyewe ikaja mwaka 1985. Kampuni kubwa za CRM zilikuja baadaye, Siebel mwaka 1993 na Salesforce mwaka 1999. Jedwali lilitengenezwa kwa ajili ya mtu mmoja mwenye hesabu zake. CRM ilitengenezwa kwa ajili ya watu wengi wanaohudumia mteja yule yule na wanaotakiwa kuona habari moja. Kwa hiyo mnapovuka kutoka huku kwenda kule, mnachukua daftari la mtu mmoja mnalifanya la wote. Hapo ndipo pagumu.

Nilikofanya PT ni duka la jumla la vifaa vya ujenzi. Silitaji jina na wala halihitajiki, maana hadithi yake ni ya maduka mengi. Wanauza nondo, bati, misumari, rangi, na wateja wao wengi ni maduka madogo ya mikoani na mafundi, na wengi wanachukua kwa mkopo. Wateja wote walikuwa kwenye faili moja la Excel lililotunzwa na dada mmoja kwa miaka kumi na moja. Wote pale walimwita Dada Mhasibu ingawa uhasibu hakusomea. Mimi nilimwamkia shikamoo kila asubuhi naye akaniita mdogo wangu.

Siku ya kwanza niliambiwa kazi ni ya mchana mmoja. Hifadhi faili kama CSV, ingiza kwenye mfumo mpya, bonyeza endelea, endelea, maliza. Eti nikimaliza mapema nisaidie stoo.

Wapi!

Nianze na yale madogo, yale ambayo mtu yeyote wa kompyuta anaweza kukueleza. Namba za simu. Hapa nchini namba inaanza na sifuri. Excel ikiona tarakimu tupu inadhani ni hesabu, na katika hesabu sifuri ya mbele haina maana, inaifuta. Mteja mwenye tarakimu kumi anabaki na tisa. Mwingine ameandikwa kwa 255, mwingine kwa +255 na nafasi katikati, mwingine ana namba mbili kwenye kisanduku kimoja na maneno "hii ya mke wake". Kwa macho ya binadamu huyo ni mtu mmoja. Kwa mfumo ni watu watatu, na kila mmoja anatumiwa ujumbe wake.

Namba ya NIDA ndiyo balaa zaidi, na naomba mnaotunza taarifa za wakopaji mnisikilize kwa makini. Namba hiyo ina tarakimu 20. Excel inashika tarakimu 15 tu za namba yoyote. Ukiandika namba ya NIDA bila vistari, kwanza unaona kitu cha ajabu chenye herufi E katikati. Ukipanua safu ili uione yote, tano za mwisho zimeshageuka sifuri, na ndani ya faili hilo haziko tena mahali popote. Kitambulisho kilichotengenezwa ili kutofautisha watu sasa kinawachanganya. Dawa yake ni kuiambia safu, kabla ya kuandika chochote, kwamba yaliyomo ni maandishi na si namba. Baada ya kuandika umechelewa, itabidi urudi kwenye karatasi.

Halafu tarehe. Sisi tunaandika siku, mwezi, mwaka. Wamarekani wanaanza na mwezi. Kompyuta nyingi zinakuja na mpangilio wa Kimarekani na hakuna anayebadilisha. Ukiandika 4/7 ukimaanisha tarehe nne Julai, kompyuta inasoma Aprili saba na haisemi kitu. Ukiandika 25/7 inashindwa, maana hakuna mwezi wa ishirini na tano, inaiacha kama maandishi. Kwa hiyo ndani ya safu moja una tarehe sahihi, tarehe zilizopinduliwa na maandishi, na zote zinafanana usoni. Mteja aliyelipa Julai anaonekana alilipa Aprili. Kwenye duka la mkopo huo ni ugomvi.

Msidhani haya ni ya Kariakoo tu. Wanasayansi wa jeni walisumbuka na Excel miaka mingi kwa sababu jeni iliyoitwa MARCH1 ilikuwa inageuzwa kuwa tarehe ya mwezi Machi. Mwaka 2020 kamati ya kimataifa inayopanga majina ya jeni za binadamu ilitoa mwongozo mpya, na jeni hiyo sasa inaitwa MARCHF1. Fikiria hapo: ilikuwa rahisi kubadilisha jina la jeni ya binadamu kuliko kuisubiri Excel. Microsoft wenyewe waliweka njia ya kuzima tabia hii mwaka 2023, na inafanya kazi kwenye matoleo mapya. Ofisi nyingi tunazozijua zina Excel ya zamani.

Na Uingereza mwaka huo huo wa 2020, katikati ya korona, wagonjwa 15,841 hawakuonekana kwenye hesabu za kila siku za kati ya tarehe 25 Septemba na 2 Oktoba. Sababu? Majibu ya maabara yalipitishwa kwenye faili la Excel la mtindo wa zamani, lile linaloishia mistari 65,536. Mistari iliyozidi ikadondoka. Walioumwa walipewa majibu yao, lakini kuwatafuta watu waliokutana nao kulichelewa, na ugonjwa hausubiri faili. Hiyo ni nchi tajiri yenye wataalamu wa kila aina. Wewe na flashi yako unajiona nani?

Haya, hayo yote niliyoyataja yana dawa, na dawa zake unaweza kuzipata kwenye madesa. Linaloniuma ni lile ambalo halimo kwenye desa lolote.

Faili la Dada Mhasibu lilikuwa na rangi. Ukilifungua unaona mistari ya njano, nyekundu, bluu, kijani, kama khanga iliyoanikwa. Mtaalamu mmoja wa ile kampuni iliyouza mfumo alilitazama akacheka, akasema huu ni uchafu wa macho. Mimi nikamuuliza dada mwenyewe.

Kijani ni mteja anayelipa keshi, mpe bei nzuri. Nyekundu usimkopeshe hata akikuapia kwa mama yake. Njano, hapo akatabasamu. Njano ni watu wazuri wanaochelewa. Kuna mwenye duka wa Ifakara, kila mwaka anachukua bati mwezi Machi na kulipa baada ya mavuno ya mpunga, kwa sababu wateja wake mwenyewe ni wakulima. Ukimdai Aprili unamdhalilisha bure, na hela hana. Ukisubiri mavuno analeta yote, na juu yake kiroba cha mchele kwa ajili ya ofisi.

Na bluu? Bluu ni duka ambalo mwenyewe amefariki na sasa linaendeshwa na mke au mtoto. Usipige simu ukamwulizia mzee.

Sasa sikilizeni. Faili la CSV halibebi rangi. Linabeba maandishi na namba tu. Halibebi zile pembetatu ndogo nyekundu kwenye kona za visanduku, ambako dada alikuwa ameandika maelezo yake. Halibebi fomula, linabeba jibu lake tu. Halibebi hata kurasa nyingine za faili, linachukua ule ukurasa uliofunguliwa pekee. Yaani ukibonyeza "hifadhi kama CSV", kompyuta inakuonya kwa sentensi moja ambayo hakuna anayeisoma, halafu miaka kumi na moja ya busara ya mtu inabaki nyuma.

Na kabla sijafika pale, hilo lilikuwa limeshatokea. Wale wauzaji wa mfumo walikuwa wameingiza faili mara ya kwanza kwa haraka, ili bosi aone maendeleo. Mfumo ulikuwa na sehemu moja ya hali ya mteja, na machaguo mawili: yupo, au hayupo. Wote wakawekwa "yupo". Halafu mfumo ukatuma ujumbe wa simu kwa wote wenye deni. Mwenye duka wa Ifakara akakumbushwa deni katikati ya masika, kwa maneno makavu, pamoja na wale wa nyekundu. Na mjane mmoja, simu ya marehemu mumewe ikiwa mkononi mwake, akasoma: "Ndugu mteja, tumekukumbuka, karibu tena dukani." Akiwa na jina la mume wake mwanzoni.

Yule mama alipiga simu ofisini. Hakugomba. Aliuliza tu kama ni kweli hawakupata taarifa ya msiba, maana Dada Mhasibu mwenyewe alituma rambirambi. Hakuwa na swali lingine.

Kwa hiyo mtu akiniambia kwamba rangi ni uchafu wa macho, namuuliza: nani alijua kwamba mzee amefariki, mfumo wa mamilioni au mstari wa bluu?

Najua upande wa pili watasema nini, na wana hoja. Watasema: hiyo ndiyo hatari yenyewe, habari zote ziko kichwani kwa mtu mmoja. Akiugua je? Akihamia duka la jirani na wateja wake je? Kweli kabisa, na mimi naunga mkono kwamba CRM iwepo. Faili la rangi ambazo maana yake inajulikana na mtu mmoja ni hatari kwa biashara. Bosi ana haki ya kutaka habari za wateja ziwe za duka.

Lakini angalia hoja hiyo inakupeleka wapi. Kama hatari ni kwamba habari ziko kichwani kwake, basi kazi ya kwanza ni kukaa naye azitoe kichwani ziandikwe. Kumnyang'anya faili na kumpa mwanafunzi wa PT hakuzitoi, kunazifungia huko huko. Tena unamtia hofu. Mtu akiona mfumo mpya unakuja kuchukua nafasi yake, kwa nini akueleze njano ni nini? Mimi mwenyewe nisingekueleza. Dada yule alinieleza kwa sababu nilimuuliza kwa adabu, na nadhani kwa sababu alijua mwezi ujao mimi naondoka.

Jambo jingine ni majina. Mifumo mingi imetengenezwa na watu wenye jina la kwanza na jina la ukoo, basi. Salesforce kwa mfano haikubali kumwandika mtu bila jina la mwisho. Sisi tuna jina lako, la baba, la babu, na wengine la ukoo juu yake. Halafu nusu ya wateja hakuna anayewajua kwa majina hayo. Ni Mama Asha wa Mbagala, ni Fundi Mrefu. Ukimlazimisha Mama Asha aingie kwenye visanduku viwili, jina la kwanza anakuwa "Mama" na la mwisho "Asha". Barua inakwenda: "Ndugu Asha". Asha ana miaka sita.

Na ukiiambia programu iunganishe majina yaliyojirudia, ole wako. Juma Hamisi kwenye orodha ya duka moja tu wanaweza kuwa watano, na kila mmoja ana deni lake. Ukiwaunganisha kwa jina, mmoja anabeba madeni ya watano. Ukiwaunganisha kwa simu nako si salama, maana baba na mwana wanatumia laini moja, na laini iliyoachwa siku nyingi hupewa mtu mwingine. Kuunganisha ni uamuzi, na uamuzi unataka mtu anayewajua hao watu. Programu ilete orodha ya wanaofanana, binadamu aseme ndiyo au hapana.

Kuna na safari ya kurudi, ambayo hakuna anayeipangia. Wateja wameingia kwenye CRM, shangwe, keki imekatwa. Wiki ya pili bosi anataka ripoti. Anatolewa faili la Excel kutoka kwenye mfumo, anatumiwa kwa WhatsApp, watu wa mauzo wanaanza kusahihisha humo humo kwa sababu wamezoea. Huku kwenye mfumo mwingine anasahihisha namba ile ile tofauti. Mwisho wa mwezi faili linarudishwa ndani na kufuta yaliyokuwa mapya. Sasa kuna kweli mbili, na hakuna anayejua ipi ni ipi. Nasema wazi: ikishahama, faili la Excel liwe la kusoma tu. Anayetaka kusahihisha asahihishe nyumbani kwake, yaani ndani ya mfumo. Mwenye nyumba mbili hulala njaa.

Tena kuna sheria siku hizi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ni ya mwaka 2022, ikaanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na kuna Tume yake. Inataka taarifa za mtu ziwe sahihi, zikusanywe kwa sababu inayoeleweka na zilindwe, na mwenye taarifa ana haki ya kuomba zirekebishwe. Sasa hebu jiulize lile faili lenye simu, namba za NIDA na madeni ya watu, limezagaa kwenye flashi ngapi? Kompyuta za intaneti kafe ngapi? Barua pepe za wanafunzi wangapi wa PT waliopita? Zamani tuliona ni faili tu. Ni siri za watu, na za watu ambao hawakuulizwa.

Haya, nisilalamike tu kama mtu aliyepata sup. Mkiniuliza ifanyike vipi, mimi ningeipanga hivi.

Kwanza, kabla ya kugusa kitu, weka nakala ya faili kama lilivyo, na rangi zake zote, mahali salama, na isiguswe tena.

Pili, kila mstari upewe namba yake ya kudumu, moja, mbili, tatu, isiyorudiwa. Namba hiyo iingie na mteja kwenye CRM. Siku mambo yakiharibika, ndiyo kamba ya kukurudisha. Na ukiingiza faili tena, mfumo utajua huyu ni yule yule badala ya kumzaa mara ya pili.

Tatu, geuza rangi ziwe maneno. Excel tangu ile ya mwaka 2007 inaweza kuchuja kwa rangi. Chuja njano zote, ongeza safu mpya, andika "hulipa baada ya mavuno". Chuja bluu, andika "mwenye duka amefariki, ongea na mke". Hapa mwenye faili awe amekaa kiti cha mbele na wewe mwanafunzi uwe wa kuandika. Halafu mtengenezee sehemu hiyo kwenye CRM. Kama mfumo una "yupo" na "hayupo" tu, mwambie muuzaji aongeze. Amelipwa.

Nne, simu zote ziwe mtindo mmoja, 255 na tarakimu tisa. Tarehe ziandikwe kwa kuanza na mwaka, mfano 2024-07-04, mtindo wa kimataifa usiochanganya mtu. NIDA iwe maandishi.

Tano, ingiza kwa mpangilio: maduka kwanza, watu wa kila duka wafuate, madeni na mauzo mwisho. Deni haliwezi kuingia kabla ya mdaiwa. Na uanze na mistari thelathini tu, iliyochaguliwa ile yenye matatizo, ukae na mwenye faili muitazame mmoja mmoja.

Sita, hesabu. Idadi ya wateja kabla na baada. Jumla ya madeni kabla na baada, iwe ile ile hadi shilingi ya mwisho. Isipolingana, usiseme "karibu sawa". Hayo "karibu" ni ya mtu fulani.

Saba, zima ujumbe wowote wa kujituma mpaka hayo sita yaishe. Naona hili ningeliandika kwa wino mwekundu.

Hayo hayamalizwi kwa mchana mmoja. Kwa duka la ukubwa ule, ni wiki tatu za watu wawili wakikaa pamoja, mmoja anayejua kompyuta na mmoja anayejua wateja. Bosi atasema ni gharama. Ni kweli, lakini alinganishe na mteja wa miaka kumi anayevuka barabara kwenda duka la jirani kwa sababu ya ujumbe mmoja wa simu.

Na ninyi wanafunzi wenzangu, mnaosubiri PT mwakani. Darasani tunafundishwa Codd na nadharia yake ya mwaka 1970, tunafundishwa kugawanya majedwali hadi yawe safi, na mifano yote inakuja imeshaoshwa: Mwanafunzi, Kozi, Alama. Ni elimu nzuri, bila hiyo nisingejua hata pa kuanzia. Lakini huko nje mtapewa khanga za rangi na mtaambiwa mzifue. Kabla ya kufua, muulizeni mwenye khanga imeandikwa nini. Muulizeni kwa shikamoo, mkae, mnywe naye chai, muandike. Mkiambiwa ni kazi ya mchana mmoja, semeni kwa heshima kwamba hapana.

Na mabosi, kama mmoja wenu anapita hapa: mfumo mpya ukishafungwa, msimpunguze kazi Dada Mhasibu. Mpeni cheo. Mfumo unajua kilichoandikwa. Yeye ndiye atakayejua kesho nani amefiwa.

Wenzangu wa kozi nyingine, huko mlikokwenda mambo yalikuwaje? Benki, hospitali, halmashauri, najua kila mahali kuna faili la rangi na mtu wake. Semeni na ninyi.

Naomba kuwasilisha.